Jipu, gamba na mtepe: picha tunazoazima ili kuzielewa taasisi

Chukua neno tawi. Benki ina matawi, chama cha siasa kina matawi, hata chama cha kufa na kuzikana kikiongezeka watu hufungua tawi mtaa wa pili. Hakuna anayekumbuka tena kwamba hilo ni neno la mti. Ila tazama linavyokaa. Katika muundo wa CCM, chini ya tawi kuna shina, na shina ndiyo ngazi ya mwisho kwa chini, pale kwa balozi, kiongozi wa nyumba chache za jirani. Mti unaota ardhini na kupanda. Kwenye benki hakuna shina. Kuna matawi na kuna makao makuu, yaani mti unaoning'inia kutoka ghorofani. Chama kwa neno lake kinadai kwamba nguvu inatoka chini (kama ndivyo ilivyo, hiyo ni habari nyingine). Benki haijawahi kudai hivyo.

Maneno yetu mengi ya ofisini ni ya namna hii. Idara imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kuzunguka: kuendesha jambo ni kulizungusha. Tunasema dola ina mihimili mitatu, na mhimili ni kitu kinachohimili paa, kwa hiyo tumekwisha kukubali kwamba dola ni nyumba kabla hatujafungua Katiba. Enzi za chama kimoja tuliambiwa Chama kinashika hatamu. Hatamu huvishwa mnyama, na swali la nani basi alikuwa mnyama halikuulizwa mara nyingi.

Shuleni sitiari hufundishwa kama pambo: Asha ni simba, pita, swali linalofuata. Kwenye mambo ya taasisi si pambo hata kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuiona taasisi. Unaona jengo, meza, mihuri, watu wenye vitambulisho shingoni. Taasisi yenyewe, ile inayobaki watu wote hao wakistaafu, haionekani. Ili uifikirie lazima uiazimie sura ya kitu unachokijua: mashine, mwili, familia, chombo cha baharini. Mwaka 1986 Gareth Morgan, mwalimu wa masomo ya uongozi wa Chuo Kikuu cha York kule Toronto, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili na kuzipanga picha hizo katika mafungu manane, kuanzia mashine, kiumbe hai na ubongo hadi gereza la nafsi. Sitazipitia zote, vitu vinane vikipitiwa kimoja kimoja, makala nayo hugeuka mashine. Nataka nikae zaidi kwenye picha moja ya kwetu, kwa sababu tuliishi ndani yake miaka kadhaa na wengine bado hawajatoka.

Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli, akiwa na wiki mbili tu Ikulu, alilihutubia Bunge mjini Dodoma na kuufananisha ufisadi serikalini na jipu. Yeye angeyatumbua majipu hayo. Wiki moja baadaye ikaja habari ya makontena 349 yaliyotoka bandarini Dar es Salaam bila kulipiwa kodi, fedha iliyokadiriwa kufika shilingi bilioni 80, na vigogo wa mapato wakasimamishwa kazi. Kuanzia hapo mtaani hakuna aliyesema fulani kafukuzwa. Katumbuliwa. Hata kocha wa timu akifungwa mechi tatu mfululizo, watu walisubiri atumbuliwe.

Picha ile iliingia haraka kwa sababu kila mtu amewahi kuota jipu. Anajua kwamba lina mahali pake, linauma, ndani yake mna uchafu, na likishatumbuliwa nafuu huja papo hapo. Sasa angalia yale yaliyoingia pamoja na neno bila kubisha hodi. Kwamba mwili wenyewe ni mzima na ugonjwa uko sehemu moja. Kwamba sehemu hiyo inaonekana kwa macho. Kwamba mtumbuaji yuko nje ya jipu, mikono yake safi. Kwamba maumivu ni dalili ya tiba, kwa hiyo anayelalamika anathibitisha kwamba dawa inafanya kazi. Kila moja ya hoja hizi, ingeletwa mezani peke yake, watu wangeijadili hadi jioni. Zilipokuja zimevaa jipu, zilipita zote kwa pamoja.

Dawa ya sitiari, kwa maoni yangu, si kuikimbia. Hatuwezi, tukiikimbia hii tutaangukia nyingine. Dawa ni kuikamata na kuisukuma hadi iseme jambo ambalo mwenyewe hakukusudia. Kwa hiyo nenda kwa bibi yeyote, au kwa nesi wa zahanati, umuulize habari za majipu. Atakwambia jipu bichi halibanwi, ukilibana kabla halijaiva usaha unarudi ndani. Atakwambia pia habari ya mtu anayeota majipu kila mara, leo kwapani, mwezi ujao pajani. Wazee husema huyo ana damu chafu. Daktari atampima kisukari. Kwa vyovyote vile hakuna anayeendelea kumtumbua tu.

Hapo ndipo sitiari inapoanza kufanya kazi ya maana. Kontena moja linaweza kutoka kwa uzembe au ulaji wa mtu mmoja. Makontena 349 yanahitaji njia: nyaraka zinazokubalika, mawakala, malango, bandari kavu, watu wa zamu tofauti ambao kila mmoja anaona kipande chake tu. Njia ya namna hiyo haina usaha wa kukamua. Hiyo ni sukari kwenye damu, na sukari haitumbuliwi. Inapimwa, inadhibitiwa, chakula kinabadilishwa, tena bila makofi wala kamera.

Serikali ile ile iliwahi kupima damu. Uhakiki wa vyeti ulipokamilika Aprili 2017, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Uwaonee huruma au usiwaonee, tazama tofauti ya njia: hakuna aliyenyooshewa kidole kwanza. Walipitiwa watumishi kwa maelfu, majina yakalinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, na matokeo yakajitokeza yenyewe. Neno lililotumika, uhakiki, ni neno kavu lisilo na picha yoyote, na labda ndiyo maana halikuimbwa.

Wakati huo huo tulikuwa na wafanyakazi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kazini, picha ambayo naiona ya hatari kuliko jipu, kwa sababu inachekesha. Hewa haina akaunti benki. Hewa haisaini karatasi ya malipo. Kila mshahara wa mfanyakazi hewa una mtu mwenye damu na nyama anayeupitisha na mwingine anayeupokea, lakini neno limewafuta wote wawili na kutuachia upepo.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi moja, haina haja ya jina, ambako majalada yalikuwa yakikwama masijala. Ukiomba jalada leo, unalipata keshokutwa. Mhusika alikuwa mzee mmoja wa miwani iliyofungwa kwa uzi, anayetembea kana kwamba sakafu imetandikwa mayai. Ulikuwa msimu wa majipu, na jina hilo likampata bila kikao. Akahamishwa, akaletwa kijana mwepesi. Wiki ya kwanza majalada hayakukwama tena, kwa kuwa hayakupatikana kabisa. Ikadhihirika kwamba mpangilio rasmi wa namba uliachwa miaka mingi nyuma rafu zilipojaa, na mzee ndiye pekee aliyejua kwamba mashauri ya viwanja yako kwenye maboksi chini ya ngazi, na kwamba jalada lenye mgogoro hulipeleki kwa bosi kabla mwanasheria hajaliona. Kuchelewa kwake nusu kulikuwa uzee, nusu kulikuwa kazi. Sisi tulimwona jipu. Anayependa mashine angemwona gia iliyochakaa. Kumbe alikuwa kumbukumbu ya ofisi, na tuliikata kwa mikono yetu wenyewe.

Kumbukumbu ni neno la picha nyingine, ile ya ubongo, na hiyo imewahi kujaribiwa kwa taifa zima. Mwaka 1971 serikali ya Salvador Allende nchini Chile ilimwita Stafford Beer, Mwingereza aliyekuwa akiyachambua mashirika kwa kufuata mfumo wa fahamu wa binadamu. Mradi wao, Cybersyn, ulikusudiwa kuviunganisha viwanda vya umma na Santiago kwa teleksi, mashine za kutumiana maandishi kwa waya. Beer hakutaka Santiago iamuru kila kitu. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kabla kichwa hakijajua. Uti wa mgongo umeshamaliza kazi. Vivyo hivyo kiwanda kitatue lake, na tatizo lipande juu pale tu muda uliowekwa unapopita bila ufumbuzi. Oktoba 1972 wenye malori walipogoma na nchi ikakaribia kusimama, teleksi hizo ziliisaidia serikali kujua wapi kuna upungufu na malori machache yaliyobaki yapite wapi. Septemba 1973 jeshi likaipindua serikali, na mradi ukaishia hapo. Ubongo ni wa mtu mmoja, hautarajii kwamba sehemu zake zitataka mambo yanayopingana hadi kushikiana bunduki. Nchi ina watu wengi, na hilo picha haikuliona.

Mashine nayo, picha inayotukanwa kuliko zote, nataka niitetee kidogo. Ukienda kuchukua hati ya kusafiria unataka nini kama si mashine? Unataka karani asiyejua shangazi yako ni nani, fomu moja kwa wote, na siku ya kurudi ambayo ni siku kweli. Max Weber, mwanazuoni wa Kijerumani, aliufananisha urasimu na mashine mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuwa akitania: ukilinganisha na ofisi ya kuombana kwa udugu, mashine ni hatua kubwa mbele. Anayeilaani mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuambiwa "njoo kesho" kwa sababu hana mtu ndani.

Shida ni kwamba mashine ina vipuri, na picha ikikukolea unaanza kuwaona watu kama vipuri. Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani, aliingia humo mzima mzima. Kiwandani kwake Highland Park, mwaka 1913, mstari wa kuunganishia magari ulipunguza muda wa kuunda fremu ya gari lake la Model T kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Mwaka huo huo wafanyakazi waliacha kazi kwa kasi ya asilimia 370, yaani ili nafasi moja ibaki na mtu mwaka mzima, kiwanda kililazimika kuijaza upya karibu mara nne. Spea haichoki, haina mke anayeuliza mbona umenyamaza, wala haiamui Jumatatu kutorudi. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ule wa awali. Magazeti yaliuita ukarimu. Mimi naona ni gharama ya kugundua kwamba vipuri vina miguu.

Kinyume cha mashine, watu husema, ni familia. Hapa nakuwa na wasiwasi zaidi, si kidogo. Meneja akikwambia "sisi hapa ni familia", subiri siku ya kupunguza wafanyakazi. Sijaona familia inayompunguza mtoto kwa barua ya tarehe 30 yenye nakala kwa mhasibu. Ila kuna waliolichukua neno hilo kwa uzito. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha 1962, aliichukua familia na kuitandaza hadi ikafunika taifa. Ujamaa ndilo neno lenyewe. Wala hakuificha kazi humo ndani: aliikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni picha yenye joto kweli. Lakini familia ina baba, na baba hapigiwi kura.

Hilo lilijitokeza viwandani. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau kwa wale anaowaongoza, na wafanyakazi wakausoma kama ulivyoandikwa. Migomo ikafuatana, mameneja wakafungiwa milango nje, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Ukiwa ndani ya picha ya familia, mtoto anayemfungia baba nje ana laana. Ukitoka nje ya picha hiyo unaweza kumwona mtu anayelinda mali aliyoambiwa ni yake. Lugha ya udugu haikuwa na neno la kumwita mfanyakazi huyo, ndiyo maana kila aliyetaka kumtetea alilazimika kwanza kuazima lugha nyingine, ya tabaka na ya haki.

Kubadilika kwa taasisi kuna picha zake pia. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 alikuja na fagio la chuma. Fagio linadhani uchafu umeletwa na upepo na kwamba sakafu yenyewe haina nyufa. Halina mengi zaidi. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani akitokea Ujerumani, aliacha picha ambayo bado inarudiwa kwenye semina za menejimenti: yeyusha hali iliyopo, ibadilishe, kisha igandishe upya. Picha nzuri kwa mtu wa nchi za baridi. Kwetu pwani barafu ikishayeyuka hakuna anayehakikisha kwamba itagandishwa tena, hasa umeme ukikatika.

Gamba ni la kusimama kidogo. Februari 2011 CCM ikiadhimisha miaka 34, mwenyekiti wake Jakaya Kikwete alikitaka chama kijivue gamba, na Aprili Sekretarieti na Kamati Kuu zikajiuzulu Dodoma. Jibu la mtaani lilikuwa jepesi: nyoka akijivua gamba anabaki nyoka. Ni kichekesho kizuri, lakini kimeipita picha bila kuitazama. Nyoka hujivua gamba kwa sababu anakua na ngozi ya zamani imembana. Hulivua mwenyewe, mwili mzima, kuanzia mdomoni. Na siku za kabla ya hapo macho yake huingia ukungu, haoni vizuri, hivyo hujificha. Kwa mtu anayetaka kuelewa mabadiliko ya chama au shirika, humo mna mambo mengi ya kweli: kwamba mabadiliko hayaletwi na mganga kutoka nje, na kwamba kuna kipindi cha upofu katikati ambacho hakikwepeki. Kilichotokea ni kwamba mjadala uligeuka haraka kuwa "gamba ni nani?" Likapata wingi, magamba, na wingi huo ukapewa majina ya watu. Picha ya mwili mzima ikavunjwavunjwa kuwa madoa ya kubandua. Miaka minne baadaye jipu lilikuta njia imeshafyekwa.

Mimi nikiulizwa picha yangu, natoa mtepe. Kwa asiyeujua, mtepe ni chombo cha zamani cha pwani hii, kilichojulikana sana visiwa vya Lamu, chenye tanga la mkeka. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Wimbi likipiga, chombo kilinepa kidogo badala ya kupasuka. Nguvu haikuwa kwenye mbao, ilikuwa kwenye mishono, na mishono haikuwahi kuwa kazi iliyokwisha: kamba huoza, hivyo chombo kilipumzishwa pwani, kikafumuliwa pale palipochoka na kushonwa tena. Maji yaliingia kila safari. Hakuna nahodha aliyeyaona maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, akaita mkutano wa dharura. Kulikuwa na watu wa kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na kufua maji ilikuwa sehemu ya kusafiri.

Ukiitazama ofisi hivyo, unaacha kuuliza ubao gani umeoza na kuanza kuuliza ni wapi idara moja inashonana na nyingine, na kamba hiyo ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Unaacha pia kushangaa kwamba kuna maji.

Picha hii nayo ina upofu wake. Chombo kimekwisha kuamua kwamba wote humo wanakwenda bandari moja, jambo ambalo kwenye mashirika mengi si kweli, na wakubwa hulipenda kwa sababu hiyo hiyo: tuko jahazi moja, husema, siku wanayotaka kukata posho. Kisha haikuambii wanaofua maji ni kina nani, wala kwa nini ni wale wale kila safari. Yule mzee wa masijala alifua kwa miaka isiyopungua ishirini, na tulipomwona amelowa tukadhani ndiye anayevuja.